Kuchezwa unyago si kukomaa kwa nyonga

Huku kusini mwa Tanzania, Newala, Masasi hadi Ruangwa, binti akishavunja ungo na kuchezwa unyago huambiwa "sasa umekua", na wengi huelewa kwamba mwili wake uko tayari kuzaa. Si kweli. Hedhi ya kwanza huonyesha kwamba homoni zimeanza kazi. Mifupa ya nyonga huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baadaye.

Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga nyembamba, hubana kibofu kwenye mfupa. Damu haifiki, nyama hufa, na siku chache baada ya kujifungua tundu hufunguka, mkojo ukavuja usiku na mchana. Hiyo ni fistula. Si laana, wala si mkono wa mtu, na hutibika kwa upasuaji.

Kuna pia upungufu wa damu na kifafa cha mimba: kichwa kikiuma sana, macho yakaona ukungu, uso ukavimba, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na asiyewahi kuona hedhi? Anaweza kushika mimba, maana yai hutangulia damu kwa takriban wiki 2.

Makungwi, mnaoaminiwa na wali (mabinti mnaowafunda) kuliko sisi wote, wafundisheni kondomu na sindano ya miezi 3 ya kuzuia mimba. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia VVU na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Aliyekwisha kujifungua anaruhusiwa kurudi shule tangu Novemba 2021.