Kipeuo kikikaa kwenye asili

Mkulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe anapanga miche yake kwa pembetatu zenye pande sawa, na ameamua mistari iachane mita 6. Mche na mche viachane kiasi gani? Kimo cha pembetatu ya namna hiyo, ambacho ndicho umbali wa mstari na mstari, ni upande mara √3, gawanya kwa 2. Kwa hiyo upande ni 12/√3.

Kugawanya 12 kwa √3, yaani karibu 1.732, kwa kalamu na karatasi ni adha. Zidisha juu na chini kwa √3. Hapo umezidisha kwa √3/√3, yaani 1 tu, ila 1 iliyovaa sweta kama mtu wa Makete kwenye baridi. Asili, yaani namba ya chini ya sehemu, inakuwa 3, na sehemu nzima 12√3/3, yaani 4√3. Mara 4 ya 1.732 ni 6.928, tuseme mita 6.93.

Wanafunzi wengi wa kidato cha pili huona hili la kuondoa kipeuo (√) kwenye asili ni usafi wa daftari tu. Ni kweli 12/√3 si kosa, thamani ni ileile, na anayeikata kwa kalamu nyekundu bila maelezo anamwonea mtoto. Lakini tazama 1/(√7 − √6). Kwa desimali mbili, √7 ni 2.65 na √6 ni 2.45. Tofauti ni 0.20, jibu 5. Sasa zidisha kwanza juu na chini kwa √7 + √6. Chini panabaki 7 − 6, yaani 1. Juu √7 + √6. Kwa desimali zilezile mbili unapata 5.10, na thamani halisi ni karibu 5.095. Ile 5 imepotoka kwa sababu namba mbili zinazokaribiana zikitolewa, tarakimu nzuri hufutana, na kosa dogo la kukadiria hubaki likitamba.

Wengi hujikwaa kwenye alama. Ukizidisha kwa √7 − √6 yenyewe, chini unapata 13 − 2√42, kipeuo hakijaondoka. Lazima alama ya katikati igeuzwe, maana (a − b)(a + b) ni a² − b². Asili ikiwa 3 + √5, tumia 3 − √5, upate 9 − 5, yaani 4.

Na mkulima akibadili mistari iwe ya mita 5? Upande ni 10√3/3. Hiyo 3 haikatiki, iache ilivyo. Kamba ya kupimia ikatwe mita 5.77.