Ile namba si ya kushtakia wazazi

Wiki mbili zilizopita nilialikwa kwenye kikao cha wazazi. Nikabandika ukutani namba ya simu ya msaada kwa watoto, nikageuka, na kabla sijafungua mdomo baba mmoja wa mstari wa mbele akasema, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima: "Ahaa, ile namba ya kushtakia wazazi." Watu wakacheka. Nami nikacheka, adabu ya mgeni. Lakini mimi kazi yangu ni kupokea simu hizo, na kauli ile nimeisikia kwa wazazi, kwa walimu, kwa viongozi wa dini, hata kwa dereva aliyekuwa akinipeleka kwenye zamu ya usiku. Kwa hiyo haya, dhana ninazozisikia mara kwa mara, moja baada ya nyingine, pamoja na majibu yangu, ni kwa ajili ya yule baba, aliyeondoka kabla ya kipindi cha maswali.

"Mtoto akipiga, polisi wanakuja kumchukua"

Hapa nitakaa, maana hii ndiyo inayozaa nyingine zote.

Watu wanadhani simu inalia, mtoto anasema "baba kanipiga", mshauri anabonyeza kitufe, gari linawashwa. Laiti watoto wangekuwa wepesi wa kusema hivyo! Simu nyingi huanza kwa kimya. Unasikia pumzi, redio ya mbali, mlango unafungwa, kisha inakatwa. Baada ya muda inaita tena. Au ni kicheko: watoto watatu wanasukumana, mmoja anauliza kama mimi ni roboti, wanakata. Hizo tunaziita simu za majaribio, na mshauri aliyefundwa vizuri hamfokei mpigaji hata mmoja. Mara nyingi anayeuliza upuuzi ndiye anayepima: huyu mtu akikasirishwa na mzaha, itakuwaje nikimwambia la kweli?

Kwa walionyamaza huwa nasema maneno machache tu: "Nipo. Sina haraka." Kisha nanyamaza nao. Usiku mmoja (mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane) nilikaa hivyo zaidi ya dakika kumi, nikisikiliza feni ya chumbani kwake, mpaka sauti ya msichana ikauliza: "Anti, kwani ukishajua, unamwambia nani?"

Sijawahi kusikia swali zuri kuliko hilo, na ningependa kila mtoto aanze nalo. Jibu ni hili. Anayoyasema mtoto hubaki kati yake na huduma, isipokuwa pale maisha yake au ya mwingine yapo hatarini, au pale sheria inapomtaka mshauri atoe taarifa za ukatili. Mpaka huo hutofautiana: kuna nchi ambako mshauri analazimika kuripoti kila ukatili anaousikia, na kuna ambako ameachiwa nafasi ya kupima. Lakini popote pale mtoto anastahili kuelezwa mpaka huo mapema, si baada ya kumwaga yote. Na hatoi jina kama hataki. Nimezungumza na watoto wengi ambao mpaka leo sijui wanaitwa nani.

Sasa tuseme jambo ni zito na limefikishwa ustawi wa jamii. Je, ndiyo mtoto kaondoka? Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, kifungu cha 9, unasema mtoto asitenganishwe na wazazi wake bila ridhaa yao, ila pale mamlaka husika, chini ya macho ya mahakama, zitakapoona hakuna budi kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Miongozo ya Umoja huo kuhusu malezi mbadala, ya mwaka 2009, ikaongeza kuwa kumtoa mtoto kwenye familia ni hatua ya mwisho, na ikibidi iwe ya muda mfupi kadiri inavyowezekana. Tena ikataja waziwazi kwamba umaskini peke yake si sababu ya kumtoa mtoto kwao. Hilo nalirudia kila kikao, kwa sababu nawajua wazazi ambao hawaogopi kwamba wamekosea, wanaogopa tu kwamba mtu ataingia na kuona nyumba haina kitanda. Afisa anayejua kazi yake hatafuti pa kumpeleka mtoto. Anatafuta kwanza ni mtu mzima gani aliye karibu naye ambaye ni salama: shangazi, babu, mwalimu, na mara nyingi mno ni mama au baba huyohuyo.

Na mengi ya tunayoyasikia hayafiki hata huko. Mtoto amefeli na anaogopa kurudi nyumbani na karatasi. Rafiki yake wa tangu darasa la kwanza hamsemeshi. Wazazi wanaachana na kila mmoja anamtumia yeye kupeleka ujumbe kwa mwenzake. Anaonewa shuleni, na hili si dogo: takwimu za UNESCO za mwaka 2019 zilionyesha karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja ndani ya mwezi mmoja.

Yule msichana wa feni, tatizo lake lilikuwa picha. Alimtumia mvulana waliyefahamiana mtandaoni, na "mvulana" akageuka mtu anayedai pesa, la sivyo ataisambaza kwa kila mtu anayemfahamu. Hatukuita gari. Tulianza na kazi: usilipe, maana anayelipa mara ya kwanza hudaiwa ya pili, usifute mazungumzo, yahifadhi, ndiyo ushahidi, kisha mzuie. Nikamweleza kuhusu Take It Down, huduma ya bure iliyozinduliwa mwaka 2023 na kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu ya mhusika mwenyewe, picha haiondoki hapo, na mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuisaka picha na kuiondoa. Wanaitumia watoto wa nchi yoyote. Halafu tukafika pagumu kuliko pote: nani nyumbani aambiwe. Tulifanya mazoezi ya sentensi ya kwanza mara nne. Siku ya pili akapiga tena, safari hii simu iko kwenye spika na mama yake yupo pembeni. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Tunaanzia wapi?"

Sasa nieleze kwa nini mzaha wa yule baba unaniudhi kuliko unavyostahili mzaha. Anayemdhuru mtoto humfunga mdomo kwa maneno ambayo mtu akikaa kwenye kiti changu atayajua kwa moyo: "Ukisema, watakuja kukuchukua." "Ukisema, mama atafungwa." Ni maneno yaleyale. Mzazi mwema anapoyasema kwa kicheko mbele ya watoto, anamfanyia kazi mtu yule bila malipo. Mtoto hajui kwamba ulikuwa unatania. Yeye amesikia tu kwamba watu wawili tofauti, mmoja anayempenda na mmoja anayemuumiza, wanakubaliana.

Na wewe mzazi unaweza kupiga namba hiyohiyo. Huduma nyingi za aina hii hupokea wazazi na walimu pia. Mama amekuta ujumbe kwenye simu ya mwanawe na hajui aanze vipi. Baba amempiga mtoto jana kwa hasira na leo anajiogopa mwenyewe. Huyo wa pili ningempa medali.

"Ukimuuliza kijana kama anataka kujiua, unampa wazo"

Huna wazo la kumpa ambalo hajakutana nalo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiikanusha dhana hii kwa miaka mingi, na tafiti zilizofanyika hazijaonyesha kwamba swali hilo huongeza hatari. Mara nyingi humpunguzia mtu mzigo, kwa kuwa hatimaye kuna anayeweza kulitamka neno bila kuzimia. Kwa takwimu za shirika hilohilo, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29, na theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla ya kufika miaka 14. Kwa hiyo tusiambiane kwamba ni mambo ya watu wazima.

Kosa lipo kwenye namna ya kuuliza. "Wewe hufikirii mambo ya kijinga, sivyo?" Hilo si swali, ni amri ya kukataa. Uliza wazi: "Unafikiria kujiua?" Kisha vumilia jibu. Akisema ndiyo, usimhubirie na usimwache peke yake. Ondoa vidonge na dawa za kuulia wadudu mahali anapofikia, siku hiyohiyo, kabla ya mjadala wowote wa kwa nini. Baada ya hapo tafuteni mtaalamu. Kijana akikuapisha usimwambie mtu, kataa kiapo hicho. Mwambie hutalitangaza, ila hutalibeba peke yako.

"Namba hiyo ni ya wasichana"

Mwaka 2024 UNICEF ilikadiria kwamba mwanamume mmoja kati ya 11 duniani alibakwa au kushambuliwa kingono kabla hajatimiza miaka 18. Wavulana nao hupiga simu. Ila huanza na "nauliza kwa niaba ya rafiki yangu", na mimi huwa namjibu rafiki huyo kwa heshima zote.

"Nimemfundisha asiongee na watu asiowajua, inatosha"

Haitoshi. Watoto wengi wanaodhulumiwa hudhulumiwa na mtu wanayemfahamu: ndugu, jirani, mwalimu, rafiki wa familia, mpenzi. Mfundishe majina halisi ya viungo vyake vyote, mfundishe kwamba siri inayouma tumboni si ya kutunzwa, hata kama aliyempa ni mtu anayeamkiwa shikamoo. Na usimlazimishe kukumbatia wageni. Najua baadhi yenu mtanuna hapa. Nuneni.

"Ofisi ya ushauri shuleni ni ya watundu"

Hapa sitawalaumu wazazi, nawalaumu wakuu wa shule. Mkimtumia mwalimu mshauri kama kituo cha kusubiria adhabu, nani ataingia mle kwa hiari yake? Mshauri asichape, asiandike barua za kusimamisha masomo, na mlango wake usitazamane na ofisi ya nidhamu.

"Elimu ya afya ya uzazi inawafungua macho mapema"

Macho yalishafunguliwa na simu. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti za nchi nyingi, ulieleza kuwa elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono, na mahali pengine inawachelewesha. Zaidi ya hapo, mtoto asiyejua jina la alichofanyiwa hawezi kuripoti. Nimepokea simu ambazo nusu yake tulikuwa tunatafuta neno tu.

"Itakula salio, halafu haipokelewi"

Huduma nyingi za aina hii ni za bure. Kenya, Tanzania na Uganda namba ni 116. Ulaya, namba 116 111 ilitengwa mwaka 2007 ili mtoto akivuka mpaka aikute ileile. Uingereza ni 0800 1111, ya huduma ya Childline iliyoanza mwaka 1986. India ni 1098. Kama uko kwingine, tafuta ya kwako leo, siyo siku ya mkasa.

Kuhusu kutopokelewa, kweli kuna saa ambazo laini zinajaa, na simu nyingine ni za wale wanaocheka. Ikikatika, rudia. Kwingineko kuna njia ya kuandika ujumbe, ambayo vijana wengi wanaipenda kuliko kuongea, hasa wale wanaolala chumba kimoja na mtu wanayemwogopa.

Ombi langu moja, na wenzangu hunicheka kwa kulirudia: iandike namba kwenye karatasi. Nyuma ya daftari la hisabati, au ndani ya jalada la kitabu. Kitu cha kwanza mtoto hunyang'anywa ni simu, na namba iliyohifadhiwa humo kwa jina la huduma inaonwa na kila anayeipekua. Bora zaidi aikariri. Ni tarakimu chache, watoto wanakariri mashairi marefu ya mtandaoni kwa siku moja.

Na ukipiga, ukaongea, halafu ukasikia kimya upande wetu, usikate. Ninaandika.