Kuta za Kilwa Kisiwani hazitaki saruji

Ninajitolea kuwatembeza wageni kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, na tukifika Msikiti Mkuu huwa wananiuliza: nyufa hizi, mbona hazizibwi kwa saruji? Swali hilo nalipenda kuliko yote, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloeleza jengo lilivyo.

Ukuta wa hapa ni mawe ya matumbawe na chokaa, basi. Tumbawe lina vitundu tele; mvua na unyevu wa bahari huingia na kutoka. Chokaa nayo hupitisha unyevu. Ukipaka saruji umeuziba ukuta pumzi: maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kutanuka, jiwe linasagika kuwa unga. Nje saruji inaonekana nzima kabisa. Gonga kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, ndani pameshaachana. Siku ikianguka, inabandua na uso wa jiwe lililochongwa miaka 600 au zaidi iliyopita. Hilo linaniuma, maana uso huo haurudi.

Dawa ni chokaa, na chokaa inataka subira. Wachomaji hupanga magogo kwa duara, matumbawe juu, na kuacha tundu katikati la kuwashia moto. Joto lifike nyuzi 900 hivi. Jiwe lisiloiva hubaki gumu moyoni. Kisha mawe yaliyoiva, ambayo sasa ndiyo chokaa, hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji, wala si maji juu ya chokaa, maana huchemka na kuruka machoni. Tumia pipa la chuma. Ndoo ya plastiki itayeyuka. Chuja, halafu iache chini ya maji miezi mitatu au zaidi. Ukiharakisha, punje ambazo hazijalowa vizuri zitavimba ndani ya ukuta na kutoboa lipu.

Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimo, uliooshwa. Wa ufukweni una chumvi, yaani unaurudisha ugonjwa uleule. Mwashi husafisha ufa, hulowesha mawe, hujaza kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita 2, kisha hufunika kwa magunia mabichi wiki nzima. Chokaa hukaza kwa kunywa hewa ukaa taratibu. Ikikaushwa na jua la saa saba mchana, unaikwangua kwa ukucha.

Kazi hiyo ni ya mafundi wenye kibali cha mambo ya kale. Sisi waongozaji kazi yetu ni macho. Gereza, yaani ngome kongwe iliyo ufukweni kabisa, lishapoteza sehemu ya ukuta wake kwa mawimbi, kwa hiyo lichunguzwe kila baada ya bamvua, yaani maji makuu ya bahari. Mche wa mtini ukiota juu ya ukuta, usiung'oe: mzizi utatoka na mawe. Toa taarifa ukatwe kwa msumeno, mzizi ukaukie humohumo.

Na ukiona unga mweupe chini ya ukuta, usiumwagie maji; utairudisha chumvi ndani. Uache mkavu, weka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha, andika tarehe na upande wa ukuta, umpe mhifadhi kabla ya kupanda boti kurudi Kilwa Masoko.