Umeumwa na Kupe? Mng'oe, Kisha Andika Tarehe

Mvua za Machi zikishaanza, nyasi za vilima vya Ngong hurefuka, vichaka vya msitu wa Karura hapa Nairobi hufungamana, na kupe nao huongezeka. Ndipo maswali yanapoanza kutufikia. Huyu alipanda milima wikendi na marafiki, yule ni mlinzi wa usiku anayeshinda na mbwa, mwingine ni mama aliyekuta kupe nyuma ya sikio la mwanawe wakati wa kumwogesha. Wote huuliza jambo moja: ninywe dawa gani?

Siku unapomkuta kupe mwilini, mara nyingi hakuna dawa ya kunywa. Kuna kupe wa kung'oa na tarehe ya kuandika. Huenda ukahitaji dawa wiki ijayo, na kama utaipata mapema au utachelewa itategemea sana iwapo utakumbuka kumtaja huyo kupe mbele ya daktari.

Tuanze na kumtoa. Chukua kibano chembamba; hata kile cha kung'olea nyusi kinafaa. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, pale mdomo wake ulipoingia, wala si kwenye tumbo lililojaa damu. Mvute juu polepole, bila kumzungusha na bila kumkurupua. Hataachia mara moja, kwa hiyo vumilia. Kama huna kibano, zungushia vidole tishu au vaa glavu. Akishatoka, osha mahali pale na mikono yako kwa maji na sabuni, kisha pakaza spiriti. Kipande cha mdomo kikibaki ndani na hakishikiki, kiache: ngozi itakisukuma nje yenyewe. Kuchimba kwa pini au wembe huleta usaha ambao kupe mwenyewe hakuuleta.

Mafuta ya taa, njiti ya kiberiti na mafuta mazito ya kujipaka havisaidii. Unachotaka ni kupe atoke upesi, ilhali njia hizi humwacha hapo ukimsubiri afe, na kumchokoza kwaweza kumfanya ateme mate zaidi ndani ya kidonda. Moto hukuachia jeraha la ziada. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni sumu, na ngozi ya mtoto si mahali pake. Kisha kuna tabia ninayoiona kila mahali panapofugwa mbwa: mtu anamtoa kupe na kumpasua kwa kucha. Tafadhali acha. Majimaji ya kupe yaweza kubeba vimelea, na mkono wenye mchubuko ni mlango wazi. Mtumbukize kwenye chupa yenye spiriti. Ukipenda, mpige picha kwa simu kwanza.

Usiridhike na kupe mmoja. Wachanga ni wadogo kama chembe za ufuta na hupenda mahali pa joto palipojificha: kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kiunoni chini ya mshipi, na kichwani kwa watoto. Jikague mwili mzima jioni hiyohiyo.

Watu wengi wakishafika hapo huingia mtandaoni, na huko hukutana na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Marekani. Husoma kuhusu ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji mmoja wa jimbo la Connecticut, na kuhusu dozi moja ya miligramu 200 za doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria) inayomezwa ndani ya saa 72. Ushauri huo una msingi wake kule, kwa kupe wa kule na kwa bakteria anayebebwa na kupe wale. Kupe unaowakuta Ngong au Kitengela ni wa jamii nyingine, na magonjwa yao ni mengine. Kumeza dozi hiyo kwa sababu tu umeumwa hakujathibitishwa kuzuia homa za kupe tulizo nazo hapa. Kwa hiyo ukienda kwa muuza dawa ukiwa mzima, huna homa wala kidonda, akakufungia vidonge, umenunua usichohitaji.

Zetu ni zipi basi? Mbili ndizo za kufikiria kwanza, na zote husababishwa na bakteria wa kundi la riketsia. Ya kwanza huletwa na kupe wakubwa wenye madoadoa wanaoandamana na ng'ombe na wanyamapori. Bakteria wake amepatikana katika kupe waliochunguzwa eneo la Maasai Mara. Kupe hawa huvamia, na mtu huweza kuumwa mahali kadhaa katika matembezi ya siku moja. Ya pili huletwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Huyu hahitaji msitu wala mbuga. Huishi kwenye nyufa za kuta, chini ya gunia analolalia mbwa, kwenye kibanda cha mlinzi, na aweza kumaliza hatua zote za maisha yake ndani ya ua mmoja wa Lang'ata au Kayole. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kukanyaga Karura huugua homa ya kupe. Mwenye mbwa amwone daktari wa mifugo, apate dawa ya mbwa, na asafishe kibanda na nyufa zake pia. Kumtibu mbwa na kuyaacha malazi yake ni kazi nusu.

Dalili huanza kwa kawaida siku tano hadi kumi baada ya kuumwa. Kichwa kinauma sana, homa inapanda, shingo na misuli vinauma, mitoki inavimba karibu na mahali palipoumwa. Wengine hutokwa na vipele. Alama ya kutafuta hasa ni kidonda kidogo chenye gamba jeusi katikati na wekundu kando yake. Hakiumi sana, na mara nyingi kimejificha kinenani au nyuma ya goti, hivyo mgonjwa hajui kuwa anacho. Wenye homa ya kupe wa ng'ombe huweza kuwa na viwili au vitatu.

Sasa ona yanayotokea. Siku nane zimepita na matembezi yamesahaulika. Mtu anafika kliniki akisema ana homa na kichwa. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa damu kutafuta homa ya matumbo kwa kile kipimo cha Widal, ambacho mara nyingi huonyesha ugonjwa usiokuwapo. Anatoka na amoksisilini, au na dawa za malaria za kubahatisha. Hakuna kati ya hizo inayotibu riketsia. Simlaumu mhudumu: homa hizi zinafanana, foleni ni ndefu, na hakuna aliyemwambia habari ya kupe. Sentensi moja tu ingebadilisha safari nzima: "Niliumwa na kupe tarehe fulani, mahali fulani, na hapa pana kidonda cheusi." Iseme hata kama hukuulizwa. Vua soksi, onyesha.

Kipimo cha malaria usikikatae, hasa kama umetoka Kisumu, Busia au Pwani. Kitovu cha Nairobi kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na malaria inayoambukizwa humu jijini ni chache, lakini wakazi wake wanasafiri. Ninachoomba ni kwamba majibu yakisema huna malaria, mazungumzo yasiishie hapo.

Kwa hiyo jikague kwa wiki mbili, ukipima joto la mwili ukihisi vibaya. Uwekundu mdogo unaowasha kwa siku moja au mbili ni ngozi tu inayolalamika. Homa, gamba jeusi, vipele au mitoki ni sababu ya kwenda kliniki siku hiyohiyo, bila kusubiri majibu ya maabara ya mbali, maana vipimo vya damu vya riketsia mara nyingi huwa havionyeshi kitu siku za mwanzo. Daktari huamua kwa kukuangalia na kukusikiliza. Wazee, wenye kisukari na wanywaji wa pombe kupindukia wasichelewe hata usiku mmoja, kwa sababu homa ya kupe wa mbwa huweza kuwalemea. Mjamzito aseme kuwa ni mjamzito kabla dawa haijaandikwa.

Lipo jambo moja adimu lakini la dharura. Homa ya Crimea-Kongo, inayosababishwa na virusi, ilithibitishwa kwa mgonjwa wa magharibi mwa Kenya mwaka 2000. Hupatikana kwa kuumwa na kupe, kwa kumpasua, au kwa kugusa damu ya mnyama mwenye virusi, kwa hiyo wachinjaji wa Dagoretti na Kiamaiko na wafugaji wa Kajiado inawahusu kuliko watembezi. Homa kali inayoanza ghafla, pamoja na kutokwa damu puani, kwenye ufizi au kwenye choo, ni safari ya hospitali kubwa saa hiyohiyo. Wahudumu waambiwe mlangoni kabla ya kumgusa mgonjwa, na nyumbani asiwepo wa kuishika damu yake kwa mikono mitupu.

Homa za riketsia, kwa upande wao, hutibika vizuri. Dawa ya kawaida kwa mtu mzima ni doksisaiklini ya miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku ambazo daktari atapanga, na humezwa kwa maji mengi ukiwa umeketi wima ili isiunguze koo. Homa hushuka ndani ya siku mbili hivi. Ikifika siku ya tatu na bado unatetemeka, rudi kwa daktari aliyekuandikia, na umpelekee picha ya yule kupe kama unayo.