Utamu wa Kimea Si Sukari: Dhana Potofu kuhusu Bia Nzito za Majira ya Baridi

Majira ya baridi yanapoingia Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, wageni kutoka Afrika Mashariki ninaowakaribisha kuonja doppelbock, bia nzito ya huko, hunywa funda moja, huweka glasi mezani na kutoa hukumu ileile: "Hii wametia sukari." Wapo wanaosema ni karameli, wapo wanaosema ni asali. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na kinachonisikitisha ni kwamba anayeiamini huacha kuonja papo hapo. Huagiza laga nyepesi aliyoizoea, na bia iliyotulizwa kwenye baridi kwa majuma mengi hubaki glasini ikipoteza povu.

Sukari haimo katika viungo vyake. Kwa sheria ya Ujerumani, bia inayochachushwa kwa chachu ya laga, ambayo doppelbock ni mojawapo, hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), chachu na maji, basi. Sheria hiyo imetokana na amri iliyotolewa Bavaria mwaka 1516, na watengenezaji wa huko bado wanaishikilia kwa fahari. Kwa hiyo kila ladha anayoikuta mnywaji, iwe ya tende, ya zabibu kavu au ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi, imetokana na punje ya shayiri na jinsi ilivyokaushwa na kupikwa, pamoja na kazi ya chachu.

Tofauti huanzia kwenye kukausha. Shayiri hulowekwa, huachwa iote kidogo, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Kimea cha laga nyepesi hukomea kwenye nyuzi 80 hivi za selsiasi, lakini kile kinachoitwa kimea cha Munich, ambacho ndicho msingi wa doppelbock nyingi, hufikishwa kwenye nyuzi 100 au zaidi. Kwa joto hilo sukari na asidi za amino zilizomo ndani ya punje huungana kwa mmenyuko ambao mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, nao ndio huohuo unaoupa ukoko wa mkate rangi na harufu yake. Baadhi ya viwanda huuendeleza hata jikoni: sehemu ya uji wa kimea huchotwa, huchemshwa pembeni, kisha hurudishwa kwenye pipa kubwa, ili ladha hiyo izidi kukolea.

Najua swali linalofuata, kwa kuwa huulizwa kila mara. Kabla ya kuchachuka, kila gramu 100 za maji ya kimea ya doppelbock huwa na angalau gramu 18 za vitu vilivyoyeyuka, na vingi kati ya hivyo ni sukari. Je, hiyo yote huenda wapi? Sehemu kubwa huliwa na chachu na kugeuzwa kuwa kilevi na gesi, na ndiyo maana bia hizi hufika asilimia 7 au 8 za kilevi. Kinachosalia kwa wingi ni dekstrini, yaani vipande vya wanga ambavyo huipa bia uzito mdomoni ilhali ulimi hauvihisi kuwa vitamu. Utamu kidogo hubaki, sikatai, nao hujitokeza zaidi kwa sababu hopsi hutiwa kwa kiasi. Hata hivyo, kuuita utamu huo sukari iliyoongezwa ni kumdhulumu aliyeipika bia hiyo.

Asiyeniamini na ajaribu mwenyewe. Zibeni pua kwa vidole, nyweni funda dogo, mlizungushe mdomoni. Mtahisi utamu hafifu, uchungu kidogo na ukali wa kilevi. Mezeni, kisha achieni pua mara moja: ukoko wa mkate na zabibu kavu vitajitokeza vyote kwa pamoja, kwa sababu vilikuwa harufu tangu mwanzo, na ubongo ndio uliozoea kuziita harufu hizo tamu. Mwenye kisukari, tafadhali, asichukue maelezo haya kuwa ruhusa, kwa kuwa dekstrini humeng'enywa na kuwa glukosi na kilevi chenyewe huvuruga kiwango cha sukari mwilini.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Weusi wa bia si kipimo cha ukali wake: Guinness ya bomba, nyeusi tii, ina asilimia 4.2 za kilevi, ilhali Duvel ya Ubelgiji, yenye rangi ya dhahabu, ina 8.5. Vilevile si kila bia ya majira ya baridi hutiwa mdalasini na karafuu. Zipo za Ubelgiji na Marekani zinazotiwa, lakini doppelbock haitiwi kiungo chochote cha namna hiyo.

Kuhusu baridi, nawasihi wasomaji wangu. Kwetu Afrika Mashariki mhudumu huuliza "baridi au ya moto?" na wengi hujibu "baridi sana", jibu linaloifaa laga nyepesi wakati wa jua kali. Doppelbock ikinywewa ikiwa na nyuzi 3, harufu yake hulala na kinachobaki ni uzito tu. Itoeni kwenye friji nusu saa kabla, imimineni kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, na msiijaze.

Wanaoinywa ili wapate joto wanajidanganya. Kilevi hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu akahisi joto usoni huku mwili wake ukizidi kulipoteza, jambo la hatari kwa anayetembea usiku kwenye theluji.

Mwisho, si bia zote za msimu zinazoboreka zikiwekwa. Samichlaus, bia ya Austria inayopikwa mara moja kwa mwaka, tarehe 6 Desemba, na kufika asilimia 14 za kilevi, huvumilia miaka. Doppelbock ya kawaida inyweni kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye chupa, na hadi wakati huo ihifadhini ikiwa imesimama, mahali penye giza na ubaridi usiobadilikabadilika.