Binti akija peke yake kliniki ya uzazi, mhudumie

Juzi tena, kwenye kikao kabisa, mtu mzima na cheo chake anasema "huyo hajafika kumi na nane, mwambieni arudi na mzazi". Nimechoka jamani. Mi ni mkunga, nipo kliniki ya uzazi hapa Dodoma mjini, na maneno haya nayasikia kwa manesi wenzangu, kwa walimu, kwa wenyeviti wa mtaa, mpaka kwa mabinti wenyewe wanaofika mlangoni wakageuza sababu rafiki kawaambia utaulizwa mama yako yuko wapi.

Mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango unasema huduma ni ya kila aliye kwenye umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, umeolewa hujaolewa, umezaa hujazaa. Sahihi ya mzazi haimo. Kupima VVU, mwenye miaka 15 anajiamulia mwenyewe tangu sheria iliporekebishwa 2019, kabla ya hapo ilikuwa 18. Upasuaji ni habari nyingine, huko mzazi anatakiwa, ila sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu sio upasuaji.

Na lile la "ukimpa njia ya kuzuia mimba unamfundisha uhuni": utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 wameshawahi kubeba mimba. Hao wote, ni nesi aliyewafundisha?

Sasa nije kwenye kinachoniumiza zaidi. Hata wale wanaokubali kumhudumia wanadhani siri ni nesi kufunga mdomo tu. Siri inavuja kabla binti hajaniona! Inavuja pale dirishani anapoulizwa kwa sauti "umekuja kufanya nini", inavuja nesi akitoka mlangoni akaita "wa vijiti pangeni foleni huku" (vile vya kuzuia mimba) na kwenye benchi kakaa jirani yao na mtoto wake wa kupima uzito, inavuja rejista ikiachwa wazi mezani kila anayeingia anasoma jina na mtaa. Huyo jirani hatasema kwa ubaya wala nini, atamwambia mama mtu "nimemuona mwanao hospitali, anaumwa?" na usiku huohuo nyumba inawaka moto.

Na njia yenyewe ya kuzuia mimba inaweza kutoa siri. Kijiti ni kizuri mno, kinakaa miaka mitatu au mitano kutegemea aina, lakini kiko chini ya ngozi ya mkono kwa ndani na mama akimshika binti wakati wa kumsuka anakipapasa. Zile siku za mwanzo kuna bandeji, haitakiwi kulowa, na huyu binti ndo mchota maji wa nyumbani, atasemaje? Sindano haiachi alama ila inavuruga hedhi, mara matone wiki nzima, mara miezi hakuna kitu, na kuna mama anayejua tarehe za mwanae kuliko mwanae mwenyewe. Kwa hiyo sianzi na "unataka njia gani", naanza na unalala na nani chumbani, nguo zako nani anafua, kadi ya kliniki utaiweka wapi (ikishindikana inabaki kwetu). Hayo kwenye mafunzo tulipitishwa kwa dakika chache, wakati ndiyo yanayoamua kama atarudi miezi mitatu ijayo. Na kondomu juu yake, maana kijiti hakizuii VVU wala kaswende.

Walimu wangu wapendwa, mkileta binti apimwe mimba msisimame mlangoni mkisubiri majibu. Majibu ni yake. Tutakaa naye, tutaongea, tutamsaidia amwambie nani na lini. Tangu mwishoni mwa 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, kwa hiyo haraka ya kumjua ili atolewe haina kazi tena.

Ila siri ina mpaka, na mpaka huo namwambia binti kabla hajaanza kusimulia: ukiniambia kuna anayekulazimisha, au mtu mzima anakutumia, hilo sitalibeba peke yangu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke serikali za mitaa. Mjomba, mwalimu, jamaa anayempa nauli na chipsi, hapo sisiti, tunaenda ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi, na kama haijapita saa 72 anaanza dawa za kuzuia VVU siku hiyohiyo.

Kinachoninyima usingizi ni binti wa miaka 17 na mpenzi wake wa 18, darasa moja. Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 huyo kijana ni mbakaji hata binti akikubali. Mwongozo unaniambia nimhudumie binti, sheria inamuangalia mwenzie kama mhalifu, na mimi nimekaa katikati. Nikipeleka taarifa kila mmoja, shule nzima inaacha kuja, alafu tunawaona na mimba ya miezi sita au wametoa kwa mtu wa kichochoroni wanavuja damu. Nisipopeleka, iko siku nitakuwa nimemlinda mtu asiyestahili. Wenzangu tunabishana sana kwenye hili, na sijasikia jibu la kuniridhisha.

Wazazi wenzangu, hatuwafichi kwa kupenda. Karibu kila binti namuuliza nani mkubwa nyumbani anaweza kuambiwa, na mara nyingi yupo, bibi, mama mdogo, shangazi. Anayesema hakuna kabisa, namuamini, na namhudumia.

We binti unayesoma: kliniki ya watoto inajaa asubuhi, njoo mchana imeshapungua. Dirishani sema tu "nataka kuonana na nesi wa uzazi", huna haja ya kueleza zaidi. Kama umetoka kufanya bila kinga usisubiri, P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, inafanya kazi vizuri ukiiwahi, ndani ya saa 72. Na kama unatoka damu nyingi, hata kama ulifanya kitu unachoogopa kukisema, njoo sasa hivi. Ukishindwa kutoka nyumbani, namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, ni bure.