Kuchakata picha za anga pasipo picha za urekebishaji

Wapiga picha wa pwani wanaoniandikia huwa na tatizo linalofanana: wameipiga Nebula ya Karina, wingu kubwa la gesi na vumbi katika anga la kusini, mwezi wa Mei, mara tu giza lilipoingia, mawingu ya mwisho wa masika yakarudi kabla hawajapiga picha za urekebishaji (zile za kusaidia kuondoa kasoro za kamera na lenzi), na sasa wanauliza kama kazi yote imepotea. Haijapotea. Hata hivyo, picha za urekebishaji ni za aina tatu, na kukosa aina moja si sawa na kukosa nyingine.

Picha ya sifuri, ambayo huonyesha thamani inayoongezwa na kamera yenyewe kwenye kila pikseli, ndiyo nyepesi kuliko zote kufidia. Katika Canon EOS 6D thamani hiyo ni 2048, na programu ya Siril, ambayo ni ya bure na huchakata picha za anga, inakubali uiandike kama namba tu.

Picha ya giza hupigwa lenzi ikiwa imefunikwa, ili kunasa chaji inayojikusanya kwenye sensa kutokana na joto. Chaji hiyo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi, kwa hiyo usiku wa Dar es Salaam wenye nyuzi 25 huijaza sensa zaidi ya mara kumi ya usiku wa baridi kali wa Ulaya. Mtu angedhani basi kwamba huku kwetu picha ya giza haiepukiki. Mimi naona kinyume chake kwa kamera za kawaida zisizo na mfumo wa kupoza: joto la sensa hupanda na kushuka usiku kucha, na picha ya giza iliyopigwa kesho yake katika joto tofauti yaweza kuongeza chenga badala ya kuziondoa. Ni afadhali kuiyumbisha kamera pikseli kumi au zaidi kila baada ya picha chache, kuelekea pande zisizo na mpangilio. Nyota zikishalinganishwa, pikseli moto, yaani zile zinazong'aa kupita kiasi kwa sababu ya joto, huangukia mahali tofauti katika kila picha, nayo programu huzikataa thamani zilizo mbali na nyingine. Ukiwa na picha ishirini na kuendelea, njia hii hufanya kazi vizuri sana.

Karibu na Ikweta kuyumbisha huko kuna umuhimu wa pekee. Kwa mtu aliye Dar es Salaam, ncha ya kusini ya anga iko chini ya nyuzi 7 kutoka upeo wa macho, ndani ya ukungu na nyuma ya minazi, kwa hiyo mhimili wa mtambo wa kufuatilia nyota huwa haujalenga sawasawa. Picha husogea polepole kuelekea upande mmoja, na pikseli moto huacha michirizi ya mshazari ambayo hakuna kichujio kitakachoifuta bila kula nebula pia.

Pengo la kweli ni picha ya mwanga sawa, inayoonyesha jinsi lenzi inavyofifisha pembe na mahali vumbi lilipo. Tuseme katikati ya picha anga lina thamani 1000 na nebula inaongeza 100, ilhali pembeni lenzi inapitisha asilimia 60 tu. Huko utapata anga 600 na nebula 60. Ukiondoa anga kwa kutoa, mandharinyuma yatalingana kabisa na picha itapendeza, lakini nebula itabaki 100 katikati na 60 pembeni. Kufifia kwa pembe hurekebishwa kwa kugawanya. Mwanga wa taa za mjini ndio unaotolewa. Programu za kusawazisha mandharinyuma hutumiwa kufuta vyote viwili kwa pamoja, nami nasikitika kila nionapo mawingu hafifu ya Karina yamepotezwa namna hiyo.

Kwa hiyo, kwanza angalia kama lenzi bado iko kwenye kamera, na fokasi na tundu la lenzi havijaguswa. Ikiwa ndivyo, picha ya mwanga sawa inaweza kupigwa hata asubuhi inayofuata, kwa kitambaa cheupe kilichotandazwa mbele ya lenzi. Ikiwa umeshachelewa, tengeneza kielelezo cha kufifia huko, yaani picha ya kukadiria inayochukua nafasi ya picha ya mwanga sawa: kufifia kwa lenzi huizunguka katikati ya picha kwa ulinganifu, lakini mwanga wa mji hutoka upande mmoja. Ukiwa Bagamoyo, taa za Dar es Salaam ziko kusini-mashariki, jirani na Karina, kwa hiyo tofauti hiyo huonekana wazi. Toa thamani ya picha ya sifuri (2048 kwa Canon EOS 6D), gawanya kwa kielelezo, kisha ndipo utoe mwanga wa mji, kabla hujagusa rangi wala kung'arisha. Vivuli vya vumbi havina kielelezo. Kata sehemu hiyo ya picha, usiichore upya.

Kazi ikikamilika, ipime kwa nyota. Linganisha mng'ao wa nyota za katikati na za pembeni na orodha ya nyota ya Gaia ya Shirika la Anga la Ulaya. Lenzi inayopitisha asilimia 60 hupunguza mng'ao kwa takriban magnitudi 0.55 (magnitudi ni kipimo cha mng'ao wa nyota), kwa hiyo nyota za pembeni zikiendelea kupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho, kielelezo chako hakijatosha, hata kama mandharinyuma yamekuwa laini.